Muhammed Said Abdulla: Mtu wa Makunduchi aliyemleta Bwana Msa

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua Bwana Msa kuliko wanavyomjua mtu aliyemtunga. Mtajie mzee wa Unguja, Tanga au Mombasa jina la Bwana Msa na kiko chake, atatabasamu, atamkumbuka na rafiki yake Najum, na huenda akaanza kukuhadithia kisa kizima mpaka kahawa ipoe. Lakini muulize mtungaji alikuwa nani, aghalabu atasita kidogo. Mtungaji huyo ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918 na kuiaga dunia mwaka 1991. Haya ni maisha yake kwa ufupi, pamoja na sababu iliyonifanya niyaandike nikiwa mbali na bahari.

Naandika kutoka Ekero, kituo cha biashara kilicho jirani na Mumias, huko Kakamega, katikati ya mashamba ya miwa. Msomaji wa pwani asidhani kuwa huku ni ugenini mtupu. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika kwa Nabongo wa Wawanga tangu karne ya 19, na pamoja na nguo na shanga ilikuja dini na ikaja lugha. Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu, na mpaka leo adhana husikika Mumias na vitongoji vyake. Kwa hivyo kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa Unguja kikifika Ekero hakihitaji mkalimani. Nimekaa huku miaka mingi nikifundisha Kiswahili, na hakuna kitabu nilichokiona kikichakaa mikononi mwa watu kama Mzimu wa Watu wa Kale.

MKAGUZI WA MAJI NA MBU

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mji wenye mila zake: ndiko inakosherehekewa siku ya Mwaka Kogwa, na lugha yake ya asili ni Kikae, ambayo mtu wa Mji Mkongwe husikiliza kwa makini ndipo aifahamu. Ni mahali ambapo mambo ya wahenga hayajapata kuwa mbali na watu. Mtoto aliyekulia huko alijua tangu mdogo kwamba kuna pango lisiloingiwa ovyo, kuna mti usiokatwa, na kuna mahali ambapo mtu hupita huku akitaka radhi.

Alimaliza masomo yake mwaka 1938, akaajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi. Akaifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka 10. Waandishi waliosimulia habari zake huipita kazi hii haraka ili wafike kwenye vitabu. Mimi naona si vyema kuipita. Mkaguzi wa afya ni mtu wa namna gani? Ni mtu anayefika mahali penye ugonjwa, na wenyeji wakamwambia kuwa ugonjwa umeletwa na kijicho cha jirani au na shetani aliyekasirika. Yeye hagombani nao. Anauliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Anachungulia kisimani. Anatazama pipa lililowekwa nyuma ya nyumba, mna viluwiluwi vya mbu au hamna. Anauliza nani aliugua mwanzo, na nani akafuata. Mwisho wa safari yake humwonyesha mwenye nyumba jambo lililokuwa mbele ya macho yake siku zote.

Hapana shaka kazi hiyo humfunza mtu namna ya kutazama. Miaka mingi baadaye, alipokaa kuandika hadithi, alimtuma Bwana Msa kwenye mauaji kwa mwendo ule ule wa mkaguzi anayekwenda kwenye kisima.

KALAMU YA PANDE MBILI

Mwaka 1948 aliacha kazi ya afya akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, wa Al Mahda na wa Afrika Kwetu. Anayeijua historia ya Unguja ataona ajabu ya orodha hiyo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Zilikuwa zama za siasa kali, zilizopita kwenye uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 na kuishia kwenye Mapinduzi ya Januari 1964. Watu walisusiana maduka, wakasusiana hata mazishi. Katika zama hizo mtu mmoja alikaa katika meza za pande zote mbili akizisahihisha sentensi za watu waliokuwa hawasemezani.

Mhariri wa gazeti dogo hujifunza mambo mawili. La kwanza ni kuandika Kiswahili kinachofahamika na kila mtu, kwa kuwa msomaji asiyefahamu hainunui nakala ya pili. La pili ni kwamba kila kisa kina wasimulizi wengi, na kila msimulizi ana lake analolificha. Haya mawili ndiyo mtaji wa mwandishi wa hadithi za upelelezi.

Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Basi mtu aliyewafundisha Waswahili kumtafuta muuaji alikuwa akipata riziki yake kwa habari za kilimo.

TUZO NA KITABU

Mwaka wa 1957 na 1958 Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, ilifanya mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili. Abdulla alipeleka hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, ikashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1960 ikatoka kitabu. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi yenye sifa kamili katika Kiswahili.

Kisa kinaanza na tajiri mmoja mwenye shamba, Bwana Ali. Maiti yake inaonekana kwenye mzimu, mahali wanapopaogopa wenyeji. Kwa watu wa kijijini jambo limekwisha: mizimu imemchukua. Nani atamshitaki mzimu? Nani atautia pingu? Ndipo anapotokea Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko mdomoni, pamoja na Najum rafiki yake, na Inspekta Seif wa polisi. Bwana Msa haanzi kwa kuwacheka wenyeji. Anauliza. Nani alimwona marehemu mara ya mwisho? Nani alikuwa na haja naye? Alizaliwa na nani, alimzaa nani, na alipokufa mali yake ilikuwa iende kwa nani? Muuaji simtaji hapa, kwa kuwa nitakuwa nimemwibia msomaji ambaye hajakisoma kitabu. Nitasema tu kuwa kwa hesabu ya Bwana Msa mizimu haikuwa na haja ya shamba la mtu.

Wasomi wamesema tangu zamani kuwa Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes, mpelelezi aliyetungwa na Arthur Conan Doyle na kutokea mara ya kwanza mwaka 1887. Ni kweli. Kiko kimetoka huko, na Najum anayeshangaa kila mara ni ndugu yake Daktari Watson. Lakini kukopa si kosa, kosa ni kukopa usifanye biashara. Abdulla alikichukua kiko cha London akakipeleka kwenye mashamba ya Unguja, na akakiingiza katika jambo ambalo Holmes hakulazimika kulikabili kila siku, nalo ni jamii nzima inayoamini kuwa mwuaji si mtu.

Tena, ukitazama vizuri, upelelezi si mgeni kwetu. Mtoto yeyote aliyepita chuoni pwani anajua kisa cha Nabii Yusuf. Anajua kanzu iliyopakwa damu ya uongo, na baba mzee asiyekubali kudanganywa na damu hiyo. Anajua na kanzu ya pili, ile iliyochanika: ikiwa imechanika mbele, basi kijana ni mkosa, ikiwa imechanika nyuma, basi alikuwa akikimbia, naye ni mkweli. Huo ni ushahidi wa kitu kisicho na ulimi, na kwa ushahidi huo asiye na kosa alisafika. Mimi humsoma Bwana Msa hivyo, kwamba ni mtu anayeuliza kanzu imechanika upande gani.

JAMBO LILILO HATARINI

Sasa niseme kwa nini naona maisha ya mtu huyu yana maana kwetu mpaka leo.

Katika miaka yetu hii, huko Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Si siri: mahakama zimesikiliza kesi, magazeti yameandika, na huko Ganze pamejengwa mpaka mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Bara pia si salama. Katika sehemu za magharibi ya Kenya, na huko Usukuma nchini Tanzania, ajuza mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni ameuawa kwa kuwa macho ni mekundu. Na wachunguzi wa mambo haya wamerudia neno moja kila mara, kwamba nyuma ya kelele za uchawi mara nyingi kuna shamba. Mzee ana ekari zake, vijana wanataka kuuza, mtoto anaugua homa, na neno uchawi linapita nyumba kwa nyumba. Kesho yake mzee hayupo, na shamba limepata mwenyewe mwingine.

Hiki ndicho kisa cha Mzimu wa Watu wa Kale kilichogeuzwa ndani nje. Katika kitabu, mtu ameuawa na watu wanausingizia mzimu. Katika vijiji vyetu, mtu amekufa kwa maradhi na watu wanamsingizia mtu. Lakini ugonjwa wenyewe ni mmoja: kukubali maelezo ya kwanza kwa sababu yanatisha. Na dawa ni moja, nayo ni kuuliza nani anafaidika.

Ilitokea mwaka mmoja, katika kitongoji kimoja si mbali na hapa Ekero, kijana alifariki ghafla. Kabla ya siku tatu za matanga kwisha, vidole vilikuwa vimekwisha kumwelekea bibi mmoja, mjane anayekaa peke yake. Tulikuwa barazani baada ya sala ya isha, na maneno yalikuwa makali. Alikuwapo kijana niliyemfundisha, mwendesha bodaboda, ambaye wiki zile nilikuwa nimemwazima nakala yangu isiyo na jalada. Aliuliza kwa sauti ya upole kama marehemu alipelekwa hospitali, alikula wapi siku ile, na kama kuna mtu aliyekuwa akikitaka kiwanja cha yule bibi. Swali la mwisho lilileta kimya. Mzee mmoja akainuka akasema kuwa maneno haya yaachwe, na maiti ifanyiwe uchunguzi. Ilifanyiwa, na daktari akasema ni moyo. Bibi yule aliendelea kuuza mboga zake.

Sisemi kuwa kitabu ndicho kilichomwokoa. Alimwokoa Mwenyezi Mungu, kisha mzee yule mwenye heshima. Lakini maswali yale nayajua yalikotoka.

Labda msomaji ataniuliza: je, Muislamu anakana majini? Hapana. Mambo ya ghaibu yametajwa katika Kitabu, na hakuna anayeyakana. Lakini Kitabu hicho hicho kimetukataza dhana mbaya, na sheria yetu imemtaka mwenye kudai alete ushahidi. Kuamini kuwa majini wapo ni jambo moja. Kumchomea ajuza nyumba kwa jina lao ni jambo jingine kabisa. Kwa ninavyomsoma, Abdulla aliijua tofauti hiyo vizuri.

VITABU VILIVYOFIKAJE KWA WATU

Siku zile hapakuwa na matangazo makubwa ya vitabu. Mwandishi wa Kiswahili hakusimama jukwaani akiuza kazi yake, na wala jina lake halikubandikwa ukutani kama la mwimbaji wa taarab. Abdulla alipata mlango kwa njia ya mashindano: tuzo ndiyo ikawa tangazo. Idara ya Vitabu ilikuwa na maktaba zake, na ilipeleka vitabu mashambani kwa masanduku na kwa posta. Baada ya hapo kazi ya kueneza ikafanywa na walimu, na watu waliojua kusoma wakiwasomea wasiojua. Nakala moja ilipita mikono 20, na mwandishi hakupata senti kwa mikono 19 iliyobaki.

Kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi, kilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya Evans Brothers ya London, mwaka ule ule aliostaafu. Jina lenyewe lilitosha kukiuza, kwani mtu wa visiwani akisikia Giningi mwili humsisimka: katika masimulizi ya zamani hiyo ni nchi ya wachawi. Kisha ikaja mvua ya vitabu, vyote kutoka kwa East African Publishing House ya Nairobi: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vinne katika miaka minne, kutoka kwa mtu aliyepita umri wa miaka 50 na aliyekwisha kustaafu. Mwaka 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa. Jumla ni riwaya saba katika muda wa miaka 24.

Katika vitabu hivi vya baadaye damu inapungua na siri za nyumbani zinaongezeka. Fumbo si tena nani ameua, bali nani ni mtoto wa nani. Ndugu hawajuani, mtoto amelelewa kwa jina lisilo lake, ndoa imefichwa na warithi wanatokea kutoka gizani. Kwa mtu wa pwani mambo haya si madogo. Nasaba ndiyo inayosema nani anamrithi nani, na nani hawezi kumwoa nani. Siri ya nasaba iliyofichwa kwa aibu leo inaweza kuleta haramu kesho. Abdulla aliona kuwa familia zetu zina mauaji ya namna nyingine, ambayo hayatoi damu.

Wapo wanaomlaumu, na lawama zao zina haki. Visa vyake hutegemea mno mambo ya kusadifu: watu wawili waliopoteana hukutana pale pale mwandishi anapowahitaji. Bwana Msa naye hupenda kujua jambo mapema na kulifumba, huku Najum na msomaji wakihangaika. Mazungumzo hurefuka. Lakini lugha yake ni Kiunguja kilichonyooka, chenye mzaha wa barazani na heshima ya watu wazima, na msomaji wa Mombasa hukifurahia hata kama atanong'ona kuwa kwao neno hilo husemwa vingine.

WALIOMFUATA

Mlango alioufungua ulipitwa na wengi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na huyo hakuwa mtu wa kiko na utulivu, bali wa bastola, magari na safari za nchi za mbali. Baadaye alikuja Ben Mtobwa. Hawa walikwenda mbele ya Abdulla katika jambo moja, nalo ni biashara. Musiba alikuwa na kampuni yake ya Continental, na Mtobwa akaanzisha Heko, wakachapa na kuuza wenyewe vitabu vya rangi kali jalada. Abdulla alitegemea mashirika ya watu wengine, na mashirika hayafi peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Idara ya Vitabu ya pamoja ilikwenda nayo. Nakala za vitabu vyake zimekuwa adimu, na yangu mimi nimeishona kwa uzi wa gunia.

Kwa hivyo nina ombi kwa wenye uwezo. Vitabu hivi vipigwe chapa upya na viwekwe katika maktaba za shule za pwani, si kwa ajili ya mtihani peke yake. Kijana anayekulia Kilifi, Kwale, Tanga au Pemba akipata kumjua Bwana Msa akiwa na miaka 14, atakapofika 30 na kuambiwa kuwa jirani ni mchawi, huenda akauliza kwanza shamba la jirani lina ekari ngapi.

Muhammed Said Abdulla hakuacha majumba wala chama. Aliacha mtu mmoja wa kubuni, mwenye kiko, asiyekubali kuogopeshwa. Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze mahali pema. Amin.